Risasi Kuingia Si Bastola Kuiweza

Mada ya mazungumzo na wakaazi kuhusu hatari ya kubadilisha bastola ili ipige risasi yenye nguvu zaidi

 

Huenda yuko anayejiuliza ni kwa nini serikali ya kaunti imeleta habari za bastola barazani. Swali hilo ni la haki. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka polisi na usalama wa taifa mikononi mwa serikali kuu. Kaunti haina askari wa kusaka silaha, wala haitoi leseni ya bunduki. Lakini jedwali hilo hilo limeikabidhi kaunti hospitali na zahanati, vyuo vya ufundi vya vijijini na leseni za biashara. Bastola iliyochezewa hupita katika sehemu hizo zote tatu. Ujuzi wa kukata na kukereza chuma hufunzwa chuoni. Kazi yenyewe huletwa kwenye kibanda chenye leseni ya kaunti. Na mkono uliopasuka hufikishwa katika hospitali ya kaunti, ikiwa utafikishwa.

Kwa hivyo mazungumzo ya leo si ya polisi peke yao. Ni ya fundi, ya mzazi, ya mwalimu na ya muuguzi.

Chukueni mfano mmoja. Ni mfano tu, lakini kila fundi aliye hapa ataujua mlio wake.

Ni saa kumi na moja jioni. Fundi anafunga kazi, amebakiza dirisha moja la kuchomelea. Anaingia mzee mmoja amevaa koti, anatazama nyuma, kisha anasogea karibu.

"Fundi, habari ya kazi?"

"Nzuri tu, mzee. Karibu."

"Nina kakazi kadogo hapa. Hata nusu saa hakafiki."

Mzee anafungua kitambaa. Ndani mna bastola ya zamani, ile ya silinda inayozunguka. Kando yake mna risasi chache zinazong'aa.

"Risasi zake zenyewe hazipatikani siku hizi," mzee anasema. "Nimepata hizi. Zina nguvu hata kuliko zile, lakini zinakataa kuingia. Ni kidogo tu. Wewe nipunguzie chuma kidogo, ziingie. Mimi nitakupa hela ambayo hujaipata mwezi huu."

Fundi anatazama kile chuma. Karo ya mtoto haijalipwa. Mwenye kibanda anadai kodi. Na kazi yenyewe, kwa macho ya fundi, ni ndogo kweli. Ameshapunguza chuma kwenye bawaba, kwenye ekseli, kwenye vipuri vya posho mill. Chuma kidogo tu, na risasi itaingia.

Mwacheni fundi hapo kwanza, akiwa ameshika kitambaa. Kabla hajajibu, kuna mambo anayopaswa kuyajua.

Jambo la kwanza ni kile kinachotokea ndani ya bastola. Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe. Kuna baruti ndani ya ganda. Kuna kiwashio kitakoni. Na mbele kuna kichwa, kile kinachoruka. Kiwashio kikigongwa, baruti huungua kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho na kugeuka gesi ya moto. Gesi hiyo haina pa kwenda ila kukisukuma kichwa kitoke kupitia mtutu. Lakini gesi haijui mbele wala nyuma. Inasukuma kila upande kwa nguvu ile ile. Kinachoizuia isitoke ubavuni au nyuma, kuelekea uso wa mpigaji, ni ukuta wa chuma peke yake.

Presha hiyo ni ya kiasi gani? Gurudumu la gari dogo hujazwa presha ya karibu 30, yaani pauni 30 kwa kila inchi mraba. Hiyo ndiyo 30 mnayoisoma kwenye mita pale kituo cha petroli. Risasi iitwayo .45 ACP, ambayo imetumika tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, inaruhusiwa kufikia presha ya 21,000. Hiyo ni mara 700 ya presha ya gurudumu. Risasi ya .357 Magnum inaruhusiwa kufikia 35,000, zaidi ya mara elfu moja. Na presha hiyo yote imefungiwa ndani ya tundu lisiloweza kupitisha kidole kinene, umbali wa mkono mmoja kutoka machoni.

Ndiyo maana kiwanda hakikati chuma kwa kukisia. Kila bastola hupimiwa risasi yake: unene wa ukuta, aina ya chuma, jinsi kilivyochomwa na kupozwa ili kiwe kigumu bila kuvunjika kama chungu. Kule Uingereza, kabla bunduki haijauzwa, sharti ipelekwe kwenye nyumba ya majaribio ya London au ya Birmingham. Hupigishwa risasi iliyozidishwa nguvu kwa makusudi. Ikistahimili, hugongwa mhuri. Chuma chake kikija kupunguzwa na kudhoofishwa baadaye, mhuri ule hauna thamani tena. Bastola hiyo huhesabiwa kama ambayo haijawahi kujaribiwa.

Sasa fundi wa jua kali atauliza: mbona watu wengine wamebadilisha na zikapiga? Ni kweli, wamebadilisha. Yafaa mjue yaliyotokea.

Bastola aina ya Webley ilikuwa bastola rasmi ya jeshi la Uingereza kwa miaka mingi. Toleo lake maarufu, Mark VI, lilianza kutumika mwaka 1915. Ilipiga risasi iitwayo .455, risasi nene na ya pole, yenye presha ya karibu 13,000. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Webley nyingi za ziada ziliuzwa Marekani. Huko risasi ya .455 ilikuwa adimu, lakini .45 ACP ilikuwa tele, kwa sababu ndiyo iliyotumiwa na jeshi lao. Wafanyabiashara wakaziondoa chuma kidogo kwenye silinda, na risasi ya .45 ikaingia vizuri.

Iliingia, ndiyo. Lakini hesabu ilikuwa imebadilika. Silinda iliyochongwa kubeba 13,000 sasa ilibebeshwa risasi inayoruhusiwa kufikia 21,000. Chuma hakikuongezwa hata chembe. Kilipunguzwa. Ni kama kuchukua bodaboda, kukata fremu yake kidogo, kisha kuifungia injini ya lori. Itawaka, na pengine itafika sokoni. Lakini hakuna fundi hapa atakayempandisha mtoto wake nyuma.

Leo wakusanyaji wa silaha za kale huonyana kuhusu Webley hizo, kwamba mtu asizipigishe risasi ya kawaida ya .45. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi siku ya kwanza. Bastola inaweza kupiga mara kumi, mwenyewe akasema, "Si mmeona?" Kumbe kila mlio umeacha ufa mdogo usioonekana kwa macho. Haba na haba hujaza kibaba. Mlio unaofuata ndio unaoipasua silinda, na anayekuwa ameishika siku hiyo si lazima awe yule aliyeibadilisha. Anaweza kuwa kijana wake.

Viwanda vyenyewe vilijua kishawishi hiki mapema. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilileta risasi ya .38 Special. Mwaka 1935 ikaleta .357 Magnum, yenye upana ule ule lakini presha kubwa zaidi ya mara mbili. Hapo wahandisi waliona hatari. Mtu angeweza kuichukua risasi mpya na kuitia katika bastola yake ya zamani. Wakafanya jambo rahisi: ganda la risasi mpya likarefushwa kwa milimita 3 na kidogo, lisiweze kukaa katika bastola ya .38. Na bastola ya kuipiga risasi mpya ikatengenezwa mpya.

Zitazameni vizuri milimita hizo tatu. Zile ndizo zinazomfanya mtu aseme, "Zinakataa kuingia, ni kidogo tu." Hazikuachwa kwa bahati mbaya. Ni onyo lililoandikwa kwa chuma. Risasi ikikataa kuingia, bastola inasema jambo la kweli kuhusu nguvu zake. Anayeliondoa onyo hilo kwa tupa au kwa mashine ya kukereza amemnyamazisha shahidi pekee aliyekuwa upande wake.

Kuna atakayesema hayo ni maneno ya kutisha watu wasiojua kazi. Basi msikilizeni mtu aliyeijua. Elmer Keith alikuwa mfugaji na mwandishi wa habari za silaha kutoka jimbo la Idaho, Marekani. Alijijazia baruti mwenyewe, alipima, alijaribu, aliandika. Wachache duniani walizijua bastola kumliko. Mwaka 1925, akipiga bastola ya .45 Colt kwa risasi alizozitia nguvu mwenyewe, sehemu ya juu ya silinda ililipuka na kuruka. Aliponea chupuchupu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisimulia jambo hilo kwa wasomaji wake.

Keith hakuacha kutafuta nguvu zaidi, lakini aliacha kuilazimisha bastola ile. Alihamia kwenye bastola ya .44, kwa sababu kuta za silinda yake zilikuwa nene zaidi. Aliwasihi wenye viwanda kwa miaka mingi, na katikati ya miaka ya 1950 ikatoka .44 Magnum. Ilitoka kwa njia gani? Kwa risasi mpya kutoka kiwandani, na bastola mpya iliyotengenezwa kwa ajili yake, kubwa na nzito zaidi. Mtu aliyekuwa na ujuzi wote huo, na kiwanda kilichokuwa na mashine zote hizo, hawakuona njia ya mkato. Kibanda chenye mashine moja ya kuchomelea kitaiona wapi?

Na hapa kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi chuma kinacholetwa si cha bastola kamili. Polisi nchini wamekuwa wakinasa bastola za kienyeji, zilizoundwa kwa bomba na vipande vya vyuma. Bomba la maji lilipimiwa maji. Hakuna aliyelipimia baruti. Kuna pia bastola za mlio mtupu, kama zile za kuanzishia mbio, ambazo watu hujaribu kuzigeuza zitoe risasi ya kweli. Nyingi zake zimeundwa kwa mchanganyiko wa zinki, chuma laini ambacho kazi yake ni kutoa sauti tu. Ukizitazama kwa nje, zinafanana na bastola ya kweli kama mapacha. Ndani hakuna ukuta wa kuizuia gesi.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, ajikate apate akili. Lakini wembe hukata ngozi, na ngozi hupona. Bastola iliyopasuka huchukua vidole, huchukua jicho, na mara nyingine huchukua aliyesimama kando. Somo lake haliachi mwanafunzi.

Jambo la pili ni hili: wapo wanaodhani bastola iliyobadilishwa haiwezi kufuatiliwa. Hilo nalo lina kisa chake, na ni kisa kilichochunguzwa mbele ya dunia nzima.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Smith & Wesson ilitengeneza bastola nyingi zilizoitwa Victory kwa ajili ya Uingereza na majeshi ya Jumuiya ya Madola. Zilipiga risasi ya zamani ya .38. Baada ya vita nyingi zilirudi sokoni, na baadhi zikabadilishwa zipokee .38 Special, ambayo ni ndefu na ina nguvu zaidi. Kwa nambari unaweza kudhani ni kitu kimoja, kwa sababu zote huitwa .38. Lakini kichwa cha ile ya zamani ni kinene kidogo kuliko kile cha .38 Special.

Tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais John F. Kennedy mjini Dallas, afisa wa polisi J. D. Tippit pia alipigwa risasi na kufa katika mji huo. Bastola aliyokamatwa nayo Lee Harvey Oswald ilikuwa moja ya zile Victory zilizobadilishwa, na mtutu wake ulikuwa umekatwa ukawa mfupi. Matundu ya silinda yalikuwa yamebadilishwa, lakini mtutu ulibaki wa upana wa zamani. Kichwa chembamba kilipita ndani ya mtutu kikiyumba, na alama zilizobaki juu yake hazikuwa thabiti. Wataalamu wa FBI wakashindwa kuthibitisha kwa vichwa vya risasi peke yake kwamba vilitoka katika bastola ile.

Je, mabadiliko yale yalimficha mwenye bastola? Hapana. Maganda manne yaliyookotwa mahali pa tukio yaliwekwa chini ya darubini, na yalilingana na bastola ile. Mgongo wa nyuma na pini ya kugonga vilikuwa vimeacha sahihi yao. Silaha ina midomo mingi. Ukiuziba mmoja, mwingine unasema. Na bastola iliyochezewa husema jambo la ziada: alama za tupa na za mashine humweleza mpelelezi kwamba kulikuwa na fundi, na fundi hutafutwa.

Jambo la tatu ni sheria. Nchini Kenya silaha zinasimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Sheria hiyo haimruhusu mtu kumiliki bunduki, bastola wala risasi bila cheti, na cheti hutolewa kwa silaha inayotambulika na kwa risasi zake. Anayetoa leseni ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Si chifu, si kaunti, si mbunge. Sheria hiyo pia haimruhusu mtu kuifanya kazi ya kutengeneza, kuuza au kukarabati silaha kuwa biashara yake kabla ya kusajiliwa kuwa muuzaji wa silaha. Leseni ya biashara inayotolewa na kaunti kwa kazi ya kuchomelea milango haimpi fundi ruhusa hiyo, hata kama imelipiwa na kubandikwa ukutani.

Kwa hivyo fundi anayeambiwa, "Wewe kazi yako ni chuma tu, silaha ni yangu," asikubali neno hilo. Dakika bastola isiyo na cheti inapoingia mkononi mwake, yeye ndiye aliyenayo. Mzee wa koti ataondoka na bodaboda. Fundi atabaki na alama za kazi yake, kibanda chake kinachojulikana na kila mtu, na kesi ambayo adhabu yake ni kifungo.

Kenya haikuanza leo kulishughulikia jambo hili. Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, zikakubaliana kuzitia silaha alama, kuziwekea kumbukumbu na kuziharibu zile haramu. Mnamo Novemba 2016, Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto kule Ngong, Kaunti ya Kajiado, uliochoma silaha 5,250. Mnamo Juni 2021 zikaharibiwa nyingine 5,144. Kila moja katika hizo ilikuwa imepita mikononi mwa watu, na kila moja ingeweza kuishia kibandani kwa fundi fulani ikiombewa "kakazi kadogo".

Basi, kila mmoja aende nyumbani na nini?

Fundi wa jua kali, ukiletewa silaha ya aina yoyote, usiishike, usiijaribu, usikubali kuachiwa "hadi kesho". Usibishane na aliyeileta, kwa sababu hujui kama ina risasi. Kataa kwa upole, mwambie huna kifaa cha kazi hiyo. Akishaondoka, mpashe habari mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu, au chifu, au upige 999 au 112. Fanya hivyo siku ile ile, maana fundi wa pili huenda asiwe na busara yako.

Mwalimu wa chuo cha kiufundi, siku unapomfunza mwanafunzi mashine ya kukereza, mfunze pia kazi ambazo mashine hiyo haifanyi. Mwanafunzi akijua kwa nini mtungi wa gesi hauchomelewi ukiwa na gesi, ataelewa upesi kwa nini silinda ya bastola haipunguzwi.

Mwenye silaha yenye cheti, bastola yako ikiwa na hitilafu, ipeleke kwa muuzaji aliyesajiliwa. Ukiona nguvu yake haikutoshi, njia ya halali ni kurudi kwa Bodi na kueleza haja yako. Soma nambari iliyoandikwa kwenye mtutu na ile iliyo kwenye kitako cha risasi. Zisipolingana neno kwa neno, usitie. Usiridhike na .38 kwa .38, mmeshasikia kisa chake.

Mzazi au mjukuu uliyekuta bastola ya marehemu ndani ya sanduku, usiitoe kutoa vumbi, na usimwite kijana mwenye ujuzi aje kuiangalia. Iache pale pale, waondoe watoto chumbani, mwite chifu au polisi. Msamaha wa kusalimisha silaha ukiwepo, hutangazwa na serikali kuu ukiwa na muda wake na mahali pake, na chifu ataweza kukueleza. Hata kusipokuwa na msamaha, ni heri kumweleza chifu mapema kuliko kuulizwa na mahakama baadaye.

Na kwa yule aliyeumia, hapa ndipo kaunti ina neno la kwake hasa. Mtu aliyepasukiwa na bastola ya magendo huogopa hospitali. Hufunga mkono kwa kitambaa, hunywa dawa ya maumivu, husubiri usiku. Kidonda huoza, na mkono ambao ungeokolewa hukatwa. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi mtu mwema, haisemi mwenye pesa. Inasema mtu yeyote. Kwa hivyo ukimkuta aliyeumia, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kipande cha chuma kilichokwama usikichomoe. Ikiwa ni jicho, usilibonyeze wala kulisugua, lifunike bila kulikandamiza. Mfikishe hospitali mara moja. Maswali ya polisi yatakuja na yatajibiwa, lakini yajibiwe na mtu aliye hai mwenye mikono yake.

Sasa mrudieni yule fundi. Bado amesimama kibandani, jua linazama, mzee wa koti anasubiri. Karo bado haijalipwa, na hakuna mada ya barazani itakayomlipia. Hilo lisemwe wazi. Pesa zilizo mezani ni za kweli, na haja yake ni ya kweli.

Lakini sasa fundi anajua kitu ambacho mzee wa koti hakijui, au anakijua na hajali. Anajua kwamba chuma kile kilipimiwa mzigo mmoja, na kwamba zile milimita chache zinazozuia si kikwazo cha kuondolewa bali ni mlango uliofungwa kwa sababu. Anajua kwamba mikono anayoombwa kuikodisha ndiyo duka lake, ndiyo shamba lake, ndiyo karo ya watoto wote watakaofuata.

Basi anaikunja ile nguo bila kuigusa bastola, anaisukuma mbele, na anajibu kwa heshima inayomstahili mtu mzima:

"Mzee, nisamehe. Kazi hii siiwezi. Na hata ningeiweza mimi, chuma chenyewe hakiiwezi."

Kisha anazima mashine, anafunga kibanda, na kabla hajafika nyumbani anapitia kwa chifu.